KUKU MGENI
Historia fupi ya kuku wa uani, na sababu ya kumchagua aliye mpole



Katika toleo hili la kumbukumbu wenzetu wa Kamati wameandika juu ya shule, maji, zahanati na mgao. Sisi tuliopewa ukurasa wa mifugo tumeamua kuandika juu ya kuku. Tunajua wako watakaocheka. Lakini mtu akipita vijiji vyote vya kambi na kuuliza ni mfugo gani aliyewahi kukaa karibu katika kila uwanja, jibu ni moja tu. Ng'ombe walibaki ng'ambo ya ziwa. Mbuzi waliuzwa njiani kwa bei ya haraka, au waliliwa na watu wenye bunduki. Kuku alivuka.

Alivuka kwa sababu ni mdogo. Vita vilipofika Kivu ya Kusini mwishoni mwa mwaka 1996, na watu wa Uvira, Fizi na Baraka wakaanza kuvuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma, mitumbwi na maboti yalijaa kupita kiasi. Mama alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Mkononi hakuwa na nafasi ila kwa kitu cha kilo moja na nusu ambacho kingeweza kufungwa miguu na kunyamaza. Kuku wengine hawakufika, maana walikuwa ndiyo nauli. Waliofika walikuwa wachache, na wengi kati yao walichinjwa wiki za kwanza kwa ajili ya wagonjwa na wazazi. Basi mbegu tuliyokuja kuwa nayo haikutoka Kongo peke yake. Sehemu kubwa ilitoka kwa wenyeji wa vijiji vya jirani, waliotupa kuku kwa kubadilishana na mafuta au maharage ya mgao, au kwa ile desturi ambayo Warundi wanaiita kuragiza: mwenye mali anampa mwenziwe mnyama amlee, na watakaozaliwa wanagawana.

Aliyepata kuku kwa njia hiyo alifanya kama walivyofanya wazee wake, yaani alimfunga kamba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukimwachia siku ya kwanza atarudi alikotoka au atapotelea vichakani. Ukimfunga siku nne au tano mahali pamoja, ukamlisha kwa mkono uleule na kumlaza banda lilelile, anashika makao. Methali hiyo tuliisikia tangu utoto, lakini tuliielewa vizuri zaidi hapa, maana na sisi tulikuwa na kamba yetu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilitutaka tukae katika eneo tulilopangiwa na tusitoke bila kibali.

Tumeanza na hayo ili swali letu lieleweke. Kila mara kuku wanapozungumzwa katika mikutano ya kambi, mazungumzo huwa ya ukubwa: kuku yupi ana nyama nyingi, yupi anataga zaidi. Sisi tunasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: kuku yupi anakaa nyumbani, anashikika, anaatamia mayai yake, na hagombanishi majirani? Wanaoona kwamba upole wa kuku ni mchezo wa watoto tunawaomba wasome kwanza historia ya kuku mwenyewe.

ALIKUJA MWENYEWE

Asili ya kuku ni ndege mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye bado yuko huko hadi leo. Ni mdogo, mwepesi, hulala juu ya miti, na akimwona mtu hutoweka. Mwaka 2020 wataalamu waliolinganisha vinasaba vya kuku na ndege wa porini zaidi ya 800 walionyesha kwamba kuku wa dunia nzima wanatokana hasa na tawi moja la ndege huyo, linaloishi kusini-magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Miaka miwili baadaye, mwaka 2022, wengine waliochunguza mifupa ya kale walisema kwamba mifupa ya zamani kuliko yote ambayo ni ya kuku wa kufugwa bila shaka imetoka Ban Non Wat, katikati ya Thailand, na umri wake ni kati ya mwaka 1650 na 1250 K.K.

Kilichotupendeza katika maelezo yao ni namna jambo lilivyotokea. Si kwamba mwindaji alikwenda na mtego akarudi na kuku wa kufuga. Watu walianza kulima mpunga na ulezi, nafaka ikamwagika, na ndege wa msituni akaja kuokota. Waliokuwa waoga sana walirudi msituni. Walioweza kuvumilia sauti ya mtu na moshi wa jiko walibaki, wakashiba, wakataga karibu. Yaani kabla mtu hajachagua kuku mnene au mwenye mayai mengi, kuku mpole alikuwa amekwisha kujichagua mwenyewe. Anayetaka kuona jambo hilo likirudiwa asimame karibu na mashine ya kusaga jioni, wakati pumba zinapomwagika.

Huko Sweden, katika Chuo Kikuu cha Linköping, Per Jensen na wenzake walilifanyia jambo hili jaribio. Walichukua ndege hao wa porini, na katika kila kizazi wakawazalisha wale wasioogopa mtu kwa wenzao wasioogopa, na waoga kwa waoga. Hawakuangalia uzito wala mayai. Baada ya vizazi vichache tu wale wapole walikuwa wazito kuliko waoga, na mayai yao yalikuwa makubwa zaidi. Wazungu wamepima, lakini mama yeyote wa kambini angeweza kuwaeleza sababu yake: kuku asiyeshtuka-shtuka anakula, na anayekula anajaa.

Afrika alifika zamani. Mifupa ya kuku iliyochimbuliwa Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, ni ya karne kadhaa kabla ya Kristo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli uliokuwa na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Huku bara kuku alienea hata jina lake likawa la kila mtu. Mrundi na Mnyarwanda wanamwita inkoko, Mganda enkoko, sisi kuku. Wasemaji wa Kilingala wana jina lao, nsoso, lakini hata wao watoto wakigombea kifaranga kisimani wanaelewana wanagombea nini.

Wala si kila mahali alipokewa kama nyama. Julius Caesar aliandika kwamba watu wa Uingereza wa zama zake waliona ni mwiko kula jogoo, sungura au bata bukini, bali waliwafuga kwa kujifurahisha tu. Kwetu mwiko ulikuwa wa namna nyingine: wazee wanakumbuka koo ambazo mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai, ingawa yeye ndiye aliyewalea tangu vifaranga. Desturi hiyo imekufa kambini, na hakuna aliyeilalia matanga.

WAZIMU WA KUKU

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 Mzungu wa kijijini alifuga kuku kama sisi. Walichakura, walitaga walipotaka, na aina hazikuangaliwa sana. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1840, kuku wakubwa wa China walipopelekwa Uingereza na kupewa jina la Cochin. Malkia Victoria naye alikuwa na kuku wa Asia katika mabanda yake ya Windsor. Walikuwa wanene, wenye manyoya hadi vidoleni, na watulivu kiasi cha kubebwa na mtoto bila kupapatika. Watu walishikwa na wazimu. Mnamo Novemba 1849 yalifanyika maonyesho ya kuku Boston, Marekani, yaliyovuta maelfu ya watazamaji, na bei za jozi moja ya kuku zikapanda bila akili. Mfanyabiashara mmoja aitwaye George Burnham alimpelekea Malkia kuku kama zawadi, jina lake likavuma, akauza sana. Wazimu ulipopoa, mwaka 1855, aliandika kitabu cha kuwacheka walewale walionunua kwake.

Fedha zilipotea lakini damu ilibaki. Katika mji wa Orpington, Kent, William Cook alitoa mwaka 1886 kuku mweusi mzito aliyemwita kwa jina la mji wake, na huyo hadi leo husifiwa na wafugaji wa uani kwa upole. Orpington alipopelekwa Australia akazaa Australorp, na katika mashindano ya mwaka 1922 hadi 1923 kuku sita wa aina hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Marekani walipata Rhode Island Red, kuku mwekundu shupavu, ambaye jimbo la Rhode Island lilimfanya ndege wake rasmi mwaka 1954. Wasomaji waliowahi kukaa Malawi watamkumbuka Australorp mweusi, maana alisambazwa sana vijijini huko.

Kuna aina nyingine ambazo tunazitaja kwa haraka. Silkie, kuku mdogo wa China mwenye manyoya kama pamba, hata Marco Polo alisimulia kuku wa namna hiyo katika karne ya 13. Hatagi sana, lakini hupenda kuatamia hata mayai ya bata. Upande wa pili yuko Leghorn mweupe mwenye asili ya Italia, hodari wa mayai, lakini ndoo ikianguka tu banda zima linapaa. Huyo anafaa penye seng'enge ndefu na mlinzi. Katika viwanja vyetu, ambapo kutoka mlango hadi bustani ya jirani ni hatua kumi, hafai kitu.

SIKU ZA KWANZA ZA KIFARANGA

Hapa tunaomba kukawia kidogo.

Kifaranga hutotolewa siku ya 21. Kabla hajatoka huvuta kiini cha yai kilichobaki kikaingia tumboni mwake, na chakula hicho kinaweza kumtunza siku mbili hadi tatu bila kula wala kunywa. Mungu alipanga hivyo ili mama asubiri mayai yaliyochelewa bila kuwaua waliotangulia. Wafanyabiashara waliona nafasi humo. Mwaka 1918 posta ya Marekani ilikubali rasmi kubeba vifaranga wa siku moja ndani ya maboksi kama barua, na tangu hapo kifaranga akawa kitu cha kuagizwa kutoka mbali.

Kutotoa bila kuku si jambo jipya. Wamisri wa kale walijenga matanuri ya udongo ya kutotolea maelfu ya mayai kwa pamoja, yakipashwa moto kwa samadi na makapi. Hawakuwa na kipimajoto. Fundi alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho lake, akajua limezidi moto au limepoa, na kazi hiyo ilirithishwa baba kwa mwana. Tunawastahi mafundi hao. Lakini tanuri hutotoa tu, halilei, na taabu ya kifaranga inaanzia hapo.

Mwaka 1873 Mwingereza Douglas Spalding aliandika habari ya vifaranga aliowafunika macho kwa vifuniko vidogo tangu walipotoka katika yai. Waliofunuliwa mapema walimfuata yeye kila alikokwenda, kana kwamba ndiye mama yao. Watatu aliowaacha wamefunikwa hadi karibu siku ya nne walipofunuliwa walimkimbia kwa hofu kubwa. Yeye mwenyewe alisema kwamba kama angewafunua siku moja kabla, wangemkimbilia badala ya kumkimbia. Mlango wa urafiki kati ya kifaranga na kiumbe mwingine unafunguka saa chache, kisha unaanza kufungwa.

Watoto wa kambi wanalijua hilo bila kusoma. Angalieni kuku wa mtu ambaye watoto wake hukaa na vifaranga tangu siku ya kwanza, wakiwaokotea mchwa na kuwapondea vichwa vya dagaa kiganjani. Kuku hao wakikua, jioni unawaita kwa mlio wa ulimi nao wanakuja. Kuku wa nyumba ambayo vifaranga waliachwa watu wasiwaguse, hao jioni ni wa kukimbizwa na kijiji kizima, na hapo ndipo nyanya za jirani zinapokanyagwa. Kamati ya usuluhishi imesikiliza mashauri mengi ya kuku na bustani. Kila mara tulipochunguza, kuku mshtakiwa alikuwa kuku asiyeshikika.

Mama kuku naye ana somo lake. Husemwa kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na ni kweli, huzaliwa anajua. Lakini kuchakura si kujua cha kula. Mama akiona punje au mdudu hulia mlio maalumu na kudonoa chini, kifaranga akakimbilia penye mdomo wa mama. Mwewe akipita hulia mlio mwingine, na uwanja mzima unanyamaza. Kifaranga wa boksi hana mtu wa kumwambia hayo. Mwewe wa hapa wamelitambua jambo hilo mapema kuliko sisi.

Tena kuna joto. Kifaranga asiye na mama huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likipunguzwa nyuzi tatu hivi kila wiki hadi manyoya yake yaote. Mahali penye umeme hilo ni jambo la kuwasha taa. Kwetu ni mkaa, na mkaa ni kuni, na kuni ni msitu. Wanaofuata kuni ni wanawake na wasichana, na yaliyowapata baadhi yao huko msituni kila mkazi anayajua, hata kama hayasemwi mbele ya mkutano. Kwa hiyo tunaposema kuku anayeatamia na kulea mwenyewe ni bora, hatuzungumzii desturi ya zamani kwa kuipenda tu. Kila tenga la vifaranga linalopashwa joto kwa mkaa linamtuma mtu porini. Kuku aliyewakusanya watoto wake chini ya mbawa hamtumi mtu.

KUKU WA MGAO

Kuku wa kiwandani alianza kwa bahati. Mwaka 1923 Cecile Steele, mama wa nyumbani wa Delaware, Marekani, aliagiza vifaranga 50 kwa ajili ya mayai akaletewa 500. Hakuwarudisha. Aliwanenepesha akawauza kwa nyama, akapata faida, na majirani wakamwiga. Kutoka hapo kuku aligawanywa mara mbili: wa nyama tu na wa mayai tu. Katika kuwachagua hivyo kwa miaka mingi, tabia ya kuatamia iliondolewa makusudi, kwa sababu kuku anayeatamia hatagi.

Kambini tuliyaona matokeo yake. Mwaka mmoja shirika moja liligawa kwa vikundi vya akina mama vifaranga wa siku moja waliotoka mjini, pamoja na chakula cha miezi miwili. Nia ilikuwa njema na tulishukuru. Waliopona walikuwa kuku wazuri, wapole hata kupita kiasi, wanaokaa tu mlangoni wakisubiri. Walitaga. Chakula cha mfuko kilipokwisha wakapunguza, na hakuna hata mmoja aliyekaa juu ya mayai. Baada ya mwaka na nusu hapakubaki kuku wala mtoto wa kuku. Ripoti ya mradi ilihesabu mayai. Wakati huohuo mjane mmoja wa upande wa pili wa barabara, aliyeanza na mtetea mmoja wa kuragiza, alikuwa amekwisha kumrudishia mwenyewe sehemu yake na kubaki na wanane.

Tusieleweke vibaya. Mbegu chotara si adui. Kuroiler, aliyetengenezwa India na kuanza kujaribiwa Uganda mwaka 2010, na Sasso mwenye asili ya Ufaransa, wameenea Tanzania, na mtu mwenye soko la kuuza na fedha za chakula anaweza kufaidika nao. Ni watulivu na wanakua upesi. Upungufu wao ni kuatamia. Ndiyo maana baadhi ya akina mama wetu waliweka mayai ya chotara chini ya kuku wa kienyeji, na huyo akawalea wana wa mwenzake bila kuuliza kabila lao.

Katika kuku wa kienyeji wenyewe, msidhani wote ni sawa. Kuchi ni mrefu, mwenye kifua na miguu ya nguvu, na jogoo wake anapendwa kwa bei yake. Lakini ni mgomvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kwa upande wa mama ana undugu na kuku wa kupigana wa Asia ya Mashariki, na anayewafuga majogoo wawili wa kuchi uwanja mmoja hahitaji kuambiwa na watafiti. Ching'wekwe ni mfupi wa miguu, hali sana, haendi mbali, na majani ya jirani hayafikii kwa urahisi. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, huvumilia joto kuliko wenzake, na watoto humpenda kwa sura yake ya kuchekesha. Kidimu mwenye manyoya yaliyopinda huruka kwa shida, jambo ambalo kwa mwenye bustani ni sifa.

Lakini aina peke yake haitoshi. Katika tumbo moja la vifaranga kumi utamkuta mmoja anayekuja mkononi na mwingine anayejificha nyuma ya mtungi. Kinachofanyika katika nyumba nyingi ni kinyume cha inavyotakiwa: mgeni akija, anayechinjwa ni yule mpole, kwa sababu ndiye anayekamatika. Mkorofi anabaki, anazaa wakorofi wenziwe. Baada ya miaka mitano ya wageni uwanja una kuku wa porini. Tunawashauri wakazi wamvumilie yule mkorofi siku moja tu, wamvizie usiku akiwa amelala, na kesho yake ndiye aende chunguni. Mtetea anayekaa vizuri juu ya mayai na anayekubali kuguswa huku ameatamia, huyo ni wa kuwekwa, hata akiwa mdogo na mayai yake ni kumi na mawili tu.

Wako waliofika mbali zaidi. Mtetea wa kwanza akianza kutaga, humwachia yai moja la kumdanganya na kuyaweka mengine mahali penye baridi, hadi wawili au watatu wawe tayari kuatamia. Kisha wote huwekewa mayai siku moja, hutotoa siku moja, na usiku ule vifaranga wote hupewa yule mwenye malezi bora, kwa kuwa gizani hahesabu. Wengine hurudi kutaga baada ya muda mfupi. Ujuzi huo haukuhitaji semina.

MDONDO

Lililobaki ni ugonjwa. Mdondo ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, Newcastle ya Uingereza na kisiwa cha Java kwa wakati mmoja, na Wazungu wakauita kwa jina la mji huo. Kwetu jina lake linasema lenyewe: kuku wanadondoka. Ukipita unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja, wapole na wakorofi pamoja. Kwa miaka mingi chanjo zake zilihitaji jokofu toka kiwandani hadi kwenye banda. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ndipo walipotoa mbegu ya chanjo iitwayo I-2 inayostahimili joto zaidi, wakaitoa ili nchi maskini zijitengenezee. Imetumika sana vijijini Tanzania na Msumbiji. Ni tone moja katika jicho moja, kuku mkubwa kwa kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Aliyeugua tayari haponi kwayo.

Hapo tena upole unarudi. Siku ya chanjo, mwenye kuku wanaoshikika humaliza kabla chai haijapoa. Mwenye kuku wa kukimbizwa anachanja nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayobeba ugonjwa kwenda kwa jirani. Tunawaomba ndugu zetu wa mashirika wanaopanga bajeti: chupa za chanjo zinazofika kwa wakati, kila baada ya miezi mitatu, zitaacha kuku wengi zaidi kambini kuliko maboksi ya vifaranga. Na wachanjaji wawe akina mama wa vijiji husika, kwa kuwa kuku anawajua.

Mwisho tunapenda kuandika jambo moja ili lisisahaulike. Mwaka 2005 wenzetu walipoanza kurudi Kivu ya Kusini kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na baadaye wengine walipoondoka kwenda nchi za mbali, kuku wengi waliachwa. Wachache waliuzwa. Walio wengi walipewa majirani kwa masharti yaleyale ya kuragiza, nusu kwa nusu, kana kwamba mwenyewe anakwenda mtoni tu. Mpaka leo wako wazee humu kambini wanaoweka hesabu hiyo kwa mistari ya mkaa ukutani, vifaranga wangapi walitotolewa, wangapi walichukuliwa na mwewe, wangapi ni haki ya mtu aliyeko Fizi.

Kamati ya Jamii, sehemu ya mifugo